Mbwa Kali Naye Huugua

Tembea mtaa wowote wa Kitale wenye mageti makubwa na utasoma maneno yale yale kwa rangi nyekundu: MBWA KALI. Bungoma ni hivyo hivyo, kutoka mjini hadi Kanduyi. Sasa, mwalimu wako wa Kiswahili angekukata alama hapo. Mbwa ana uhai, kwa hivyo ni mbwa mkali, vile tunasema mtoto mkali au mama mkali. "Kali" bila hiyo m ni ya vitu: dawa kali, pilipili kali, baridi kali.

Si ati nataka kusahihisha watu mageti yao. Lakini hiyo m iliyopotea imenikaa kichwani, juu inasema kitu cha kweli kuhusu sisi. Kwetu mbwa ni sehemu ya geti. Kuna kufuli, kuna seng'enge, kuna mbwa. Na kufuli haiugui. Ikiharibika unanunua ingine.

Kila wiki watu hunitumia video. Mbwa amelala kwa simiti, mate yanatiririka, ufizi mweupe kama karatasi. "Bro, mbwa yangu iko na nini?" Nikiuliza ameanza lini, jibu ni juzi. "Tulidhani amechoka tu."

Mimi si daktari. Hata chuo kikuu niliacha kabla ya kumaliza. Lakini hiyo "juzi" ndiyo imenifanya nichimbe historia. Inakuwaje watu wa Trans Nzoia na Bungoma, watu wanaoweza kumwangalia ng'ombe kutoka ng'ambo ya barabara na kukuambia ana homa, wasione mbwa wao akifa mlangoni?

Jibu langu ni hili: macho tunayo. Tulifunzwa tu kuyaelekeza kwa ng'ombe, na waliotufunza walikuwa na sababu zao.

Daktari wa nani?

Anza na jina. Kwa Kiswahili huyu mtu ni daktari wa mifugo. Kijijini wala hatuzunguki, ni daktari wa ng'ombe. Hata akiwa amebeba paka mkononi, watoto watamsalimia, "Daktari wa ng'ombe, shikamoo!"

Jina hilo lina historia. Mwaka wa 1887 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika kupitia upande wa Eritrea. Kufikia 1890 na 1891 ulikuwa umeteremka hadi huku kwetu. Uliua ng'ombe wengi kupita kiasi, sehemu zingine karibu wote, na ng'ombe wakiisha, njaa inafuata. Waingereza walipokuwa wanajenga serikali yao hapa, kumbukumbu hiyo bado ilikuwa mbichi. Mwaka wa 1910 wakaanzisha maabara ya mifugo pale Kabete. Kazi yake ilikuwa magonjwa yanayokula pesa: sotoka, ndigana, homa ya mapafu. Hata homa ya nguruwe ya Afrika, inayosumbua dunia nzima leo, ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza kutokana na kazi ya R. E. Montgomery hapa Kenya, katika ripoti ya 1921.

Kisha tuje nyumbani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi wazungu waligawiwa mashamba Trans Nzoia. Reli ikafika Kitale mwaka wa 1926, na mji ukakua ukiwa mji wa mahindi, maziwa na ng'ombe wa gredi. Ng'ombe wa gredi ni pesa zinazotembea, na kupe anaweza kuzimaliza kwa wiki mbili. Ndiyo maana kukawa na majosho. Upande wa pili, Bungoma ilikuwa ndani ya North Kavirondo, eneo lililotengewa Waafrika. Katika koloni nzima, karantini za mifugo zilikuwa njia moja ya kuzuia ng'ombe wa Mwafrika asivuke kuingia mashamba ya mzungu. Daktari wa mifugo wa wakati huo alikuwa pia mlinzi wa mpaka.

Uhuru ulipokuja, mpaka ulianguka lakini jicho lilibaki pale pale. Mwaka wa 1962 mafunzo ya digrii ya udaktari wa mifugo yalihama kutoka Makerere, Uganda, yakaja Kabete. Mwaka wa 1966 serikali ikaanzisha huduma ya kitaifa ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu za maabara. Kuna hadi sheria ya kuogesha ng'ombe, Sura ya 358. Kuka yangu kule Chwele anaikumbuka siku ya josho vile sisi tunakumbuka siku ya mechi: kila boma linateremka na ng'ombe wake, vijana wanapiga kelele, na hakuna ruhusa ya kubaki nyumbani.

Na hiyo kazi ilizaa matunda, hatuwezi kuidharau. Pale Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka iliyokuja kutumika duniani. Alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka wa 1999. Mara ya mwisho sotoka kuonekana popote duniani ilikuwa hapa hapa Kenya, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, mwaka wa 2001. Mwaka wa 2011 dunia ikatangaza imeisha. Katika historia yote ya binadamu ni magonjwa mawili tu yamefutwa kabisa, ndui na sotoka. Mmoja kati ya hayo mawili, chanjo yake ina jasho la Muguga.

Kwa hivyo mtu asikuambie ati sisi hatuwezi. Tuliweza.

Mbwa aliingia kama mshukiwa

Sasa fungua upande wa mbwa. Rekodi ya kwanza ya kichaa cha mbwa Kenya ni ya 1912, mbwa mmoja pembeni mwa Nairobi. Binadamu wa kwanza kurekodiwa ni mwanamke wa huku magharibi, bonde la Ziwa Victoria, mwaka wa 1928. Chanjo ilikuwa tayari duniani. Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister kule Paris mwezi wa Julai 1885, miaka 27 kabla ya yule mbwa wa Nairobi.

Angalia vile serikali ilimwona mbwa. Ng'ombe ana sheria ya kumwogesha. Mbwa ana Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, ambayo kazi yake kubwa ni kumzuia: afungwe, asizurure, na akizurura anaweza kuuawa. Sheria ya ng'ombe inalinda mali. Sheria ya mbwa inatulinda sisi dhidi ya mbwa. Ilikuwa na sababu, juu kichaa cha mbwa kinaua watu kweli, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Lakini mtoto aliyekulia ndani ya historia hiyo anajua ugonjwa mmoja tu wa mbwa. Kwa hivyo kichwani mwake mbwa ana hali tatu: mzima, mwenye kichaa, na "amechoka tu".

Weka tarehe kando kwa kando. Sotoka ilifika miaka ya 1890, ikafutwa 2011. Kichaa cha mbwa kilirekodiwa 1912, chanjo ikiwa tayari, na bado tuko nacho. Mpango wa taifa wa kukimaliza uliandikwa 2014, na lengo ni 2030. Hesabu yake si ngumu: ukichanja angalau mbwa 70 kwa kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita.

Tofauti ni nini? Nenda soko la Chwele siku ya mnada. Ng'ombe ana bei, na bei hiyo ikianza kupumua vibaya, watu wanakimbia. Mbwa tulipewa na jirani ndani ya katoni. Kitu kilichokuja bure, ni nani atakesha nacho?

Duka likachukua nafasi ya daktari

Kuna tukio lingine watu wa rika letu hatukuliona. Hadi miaka ya 1980, ukimaliza Kabete serikali ilikuwa inakuajiri moja kwa moja, inakutuma wilayani. Mwishoni mwa miaka hiyo, wakati wa masharti ya mikopo ya nje, ajira hiyo ilisimama. Huduma zikaanza kusukumwa kwa watu binafsi. Majosho mengi ya umma yakakauka. Kwa nafasi hiyo likaingia duka la agroveti.

Leo Kitale ukikosa agroveti umepotea njia. Mbegu upande huu, dawa ya kupe upande ule, chakula cha kuku katikati. Mwaka wa 2011 ilikuja sheria mpya ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na Bodi ya Madaktari wa Mifugo inasajili wote. Tangu 2013 huduma hizi ziko chini ya kaunti. Lakini tabia tulishaizoea: mnyama akiugua, tunaenda dukani, tunaeleza kwa mdomo, tunarudi na chupa. Kwa ng'ombe inaweza kubahatika, juu muuzaji amesikia stori za ng'ombe elfu moja. Kwa mbwa na paka unacheza kamari.

Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe ni sumu kwa paka. Paka anapakwa leo dawa ya kupe ya ng'ombe, anajilamba, jioni anatetemeka mwili mzima. Na vidonge vya kichwa vya binadamu ni hatari hiyo hiyo. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kuua paka mzima.

Jirani mmoja huku kwetu Matisi alikuwa na mbwa na mtamba, wote wamejaa kupe msimu huo wa mvua. Mtamba alipoacha kula jioni, daktari alikuwa amefika kwa nduthi kabla ya saa nne usiku. Mbwa alikuwa ameacha kula tangu Jumatano. Mkojo wake ulikuwa umegeuka rangi ya strungi. Kila mtu aliuona pale kwa ukuta, akapita. Mtamba alipona. Mbwa tulimzika Jumapili. Na yule jirani si mtu mbaya, alilia kabisa. Daktari aliyekuja kwa mtamba alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwa huyo mbwa. Hakuna aliyemwambia amwangalie.

Jicho la ng'ombe, ligeuze

Habari njema ni kwamba jicho lenyewe liko. Wacha nilitafsiri.

Unajua ng'ombe akifura tumbo upande wa kushoto usiku, hamngoji asubuhi. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, kama German Shepherd, pia hufura. Tumbo linajikunja ndani, anajaribu kutapika na hakuna kinachotoka, anazunguka hajui alale wapi. Hapo una masaa, si siku. Maji ya chumvi hayasaidii, na soda pia.

Unajua kuangalia macho ya ng'ombe kama damu imeisha. Kwa mbwa inua mdomo wa juu uangalie ufizi, ikiwa anakubali kuguswa. Unatakiwa uwe wa waridi. Bonyeza kwa kidole, uachilie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi mweupe, wa bluu au wa njano ni simu ya sasa hivi. Mweupe au wa njano pamoja na mkojo wa rangi ya strungi, kwa mbwa mwenye kupe, mara nyingi ni vijidudu vinavyopasua damu. Viliitwa babesia kwa jina la Victor Babeș wa Romania, aliyevieleza mwaka wa 1888 kwa ng'ombe. Unaona? Hata hapa ng'ombe alitangulia.

Unajua ndama akihara damu anakauka haraka. Mtoto wa mbwa ni hivyo hivyo. Parvo ni ugonjwa mgeni, ulitokea duniani mwishoni mwa miaka ya 1970 na kufikia 1978 ulikuwa umeenea mabara kadhaa, kwa hivyo babu zetu hawakuuacha kwenye methali yoyote. Kitoto cha mbwa kinatapika, kinahara damu yenye harufu kali, kinakataa maji. Siku mbili au tatu zinatosha kukimaliza. Kinachoua ni kukauka maji, na kinachookoa ni dripu mapema. Kinachozuia ni chanjo.

Unajua ng'ombe akisukuma na ndama haji, unaita mtu. Mbwa akisukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kitoto, au masaa mawili yakipita kati ya kitoto na kingine na bado wako ndani, ita mtu.

Mengine hayana mfano wa ng'ombe. Paka dume akienda kukojoa mara kwa mara, analia na hakuna kinachotoka, njia imeziba. Akifikisha siku nzima hivyo, figo zinaanza kufa. Mbwa akipata kifafa kinachopita dakika tano, au mara mbili ndani ya siku moja, ni dharura. Akiwa amelala bila joto na bado anapumua zaidi ya mara 40 kwa dakika, ni dharura. Akigongwa na nduthi halafu ainuke na kukimbia, usiseme ameponea. Damu ya ndani haionekani. Mwangalie ufizi kila baada ya muda hadi kesho, na ukibadilika au apumue kwa shida, usingoje.

Sumu nayo tuiongelee, juu kila mtaa una ile stori ya mbwa kuwekewa kitu kwa nyama usiku. Mate mengi, kutetemeka, kutembea kama mlevi. Maziwa si dawa ya sumu, wacha shosho akasirike. Usimlazimishe kutapika bila daktari kusema, zingine zinachoma zaidi zikirudi. Beba pakiti ya hiyo sumu, au ipige picha, uende nayo. Sumu ya panya huweza kukaa siku tatu hadi tano kabla damu ianze kutoka puani, kwa hivyo "alikula Jumatatu na yuko sawa" haina maana.

Na kichaa cha mbwa chenyewe. Mbwa mpole aliyegeuka mkali ghafla, au mkali aliyegeuka mpole wa ajabu. Mdomo unaning'inia, hawezi kumeza, sauti imebadilika. Wengi hapa hudhani amekwamwa na mfupa, wanaingiza mkono. Usiingize mkono. Mfungie mahali bila kumgusa, piga simu kwa daktari wa mifugo wa kaunti. Kama amekuuma au mate yameingia kwa jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uchanjwe. Watoto ni wengi kati ya wanaokufa kwa huu ugonjwa, na mtoto mara nyingi haambii mtu ameumwa.

Hata simba walisubiri

Kama bado unaona hii ni mambo ya matajiri wa Nairobi na mbwa wao wa sofa, nenda na mimi hadi Serengeti, mwaka wa 1994. Simba walianza kutetemeka, kupata kifafa na kufa. Karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti waliisha, na ugonjwa ukavuka hadi Mara. Ulikuwa distempa, ugonjwa wa mbwa, na wanasayansi waliufuata nyuma hadi kwa mbwa wa vijijini pembeni mwa mbuga. Baada ya hapo ndipo miradi mikubwa ya kuchanja mbwa wa vijiji hivyo ilianza.

Fikiria hiyo. Mbwa wa vijijini walikuwa wanaugua kila siku, hakuna aliyeandika. Simba, mwenye watalii nyuma yake, alipokufa, dunia ikamwona mbwa. Ni ile hesabu ya Chwele tena: tunaangalia pale pesa ilipo.

Sidai tuanze kuvalisha mbwa sweta. Wala sisemi ng'ombe aachwe, ng'ombe ndiye alinisomesha hadi pale nilipofika. Nasema jicho lililojengwa Kabete tangu 1910, likafundishwa kwa kila boma kupitia josho, halikujengwa kwa mapenzi ya wanyama. Lilijengwa kwa hesabu ya mali. Sisi tumelirithi, na kitu ulichorithi unaweza kukitumia kwa kazi ingine.

Kwa hivyo leo, kabla ulale, fanya mambo mawili. Kwanza, tafuta namba ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa karibu nawe, yule yule wa ng'ombe, umuulize kama anashughulikia mbwa na paka na kama anapokea simu usiku. Iweke kwa simu ya kila mtu nyumbani. Pili, kama mbwa wako anakuzoea, inua mdomo wake uangalie ufizi akiwa mzima. Jua rangi yake ya kawaida, ndiyo siku ikibadilika utambue. Itakuchukua dakika moja.

Na kama utanitumia video, nitaiangalia. Lakini piga simu kwa daktari kwanza.